Dungu la Bibi Swaumu

Jumatatu, 12 Mei 2025. Mohoro.
Nimefika. Chuoni nimeaga kuwa nina malaria. Tuzo ya wanafunzi wa usanifu majengo mwaka huu ni yangu. Wenzangu wanachora maghorofa. Mimi nitapeleka dungu la Bibi, kile kibanda chake cha juu ya miti anapokaa kufukuza ndege wa mpunga. Nitaandika nimelibuni mwenyewe. Bibi atajuaje?

Rukaya wa darasani kwetu naye yuko Ngorongo, kwa shangazi yake. Namshuku.

Jumatano, 14 Mei.
Bibi kaomba nimfungie upya kipandio cha tatu cha ngazi, kimelegea. Kaniletea na kamba. Nikamwambia asubiri, picha bado. Kipandio kilicholegea kina uhalisi wake, na majaji wanapenda uhalisi. Akasema haya, wewe ndiye uliyesoma.

Ijumaa, 16 Mei.
Nimepima hadi adhuhuri. Mchoro safi. Bibi kauliza tena habari ya ngazi. Nikasema kesho.

Jumamosi, 17 Mei.
Bibi kaanguka. Kipandio cha tatu. Kavunjika nyonga. Tumemkimbiza hospitali kwa gari la kukodi. Kamba zake zilikuwa bado mfukoni mwangu. Nimelia sana.

Picha zimetoka vizuri. Nimezituma.

Alhamisi, 5 Juni.
Matokeo. Kashinda Rukaya. Kwa dungu! La shangazi yake, na kamwandika shangazi kuwa ndiye mjenzi. Yeye kaongeza tu ngazi pana yenye mahali pa kushika. Mimi nimeandikiwa mstari mmoja: majaji wanauliza, mwenye dungu hupandaje?

Ndege wameumaliza mpunga wa Bibi.

Jumapili, 8 Juni.
Juzi Bibi karudishwa nyumbani. Daktari kasema huenda asitembee tena. Siku mbili nimeshindwa kumtazama usoni. Leo kaniita mwenyewe. Kasema hana kinyongo na mimi, ila kitanda chake cha kamba kimebonyea katikati na nyonga inamuuma, nimkazie.

Nikainama kukitazama. Miguu ya kuchonga. Kamba za ukindu, kazisokota mwenyewe alipokuwa mwari. Rukaya hana kitanda kama hiki, wala shangazi yake.

Nimemwomba Bibi avumilie hadi kesho. Kwanza nikipige picha.