Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Kusahihisha Barua za Shangazi

Mheshimiwa Shangazi Valborg Thorsager, mwenye sherehe, uliyetimiza miaka themanini Jumanne iliyopita ukiwa na meno yako yote isipokuwa mawili. Mheshimiwa Egil, Mwenyekiti wa Bodi ya Jumba hili la Mikutano la Vrangbæk, ambaye kwa sasa yuko jikoni anageuza viazi. Mchungaji Ingelise, uliyeingia kwenye orodha ya baruapepe za ukoo wetu kwa bahati mbaya na hadi leo hujapata njia ya kutoka. Shemeji yangu Holger, mwakilishi wa Meza ya Pili. Mke wangu mpendwa Lisbet, ambaye amekwisha kunionyesha vidole vitano, maana yake dakika tano. Binamu mliovuka daraja kuja huku. Wakwe, wajukuu, na nyote mlioketi karibu na lile dirisha lisilofungika: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani. Mtu mmoja anaacha kutafuna.)

Kwa wale wasionifahamu, kama wapo, na Holger naomba ushushe mkono, mimi ni Ejvind Thorsager, mtoto wa marehemu kaka yake mwenye sherehe, Mkuu wa Kitengo cha Taarifa za Utenganishaji wa Taka katika manispaa yetu, mtumishi wa umma kwa miaka ishirini na saba bila kuchelewa kazini hata siku moja, isipokuwa moja ambayo nitaitolea maelezo, na vilevile Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoo ya Taarifa, kwa kifupi KUTA, chombo ambacho kimejipambanua katika mchakato mzima wa kuratibu, kuchakata na kusahihisha taarifa zisizo sahihi zinazosambazwa na ndugu, jamaa na marafiki kwa njia ya baruapepe. (Holger: "Kuta bila paa!" Vicheko Meza ya Pili.) Naupokea mrejesho huo, shemeji, na utafanyiwa kazi.

Ndugu washerehekea, naomba kwa heshima na taadhima niwasilishe taarifa ya utekelezaji. Mnamo mwezi wa Septemba mwaka juzi, saa mbili na robo asubuhi, nikiwa ofisini naandaa bango la kuwaelekeza wananchi mahali pa kutupa vifuniko vya mtindi, nilipokea baruapepe kutoka kwa mwenye sherehe, yenye maandishi mekundu na alama za mshangao kumi na nne, isemayo kwamba maji yakichemshwa mara mbili kwenye birika la umeme hugeuka sumu inayokausha ubongo, kwamba daktari mmoja, jina limehifadhiwa, ameificha siri hiyo kwa miaka thelathini, na kwamba ujumbe huo usambazwe kwa watu kumi uwapendao kabla jua halijazama. (Shangazi Valborg: "Kumi na tano. Zilikuwa kumi na tano.") Alama kumi na tano, nashukuru kwa masahihisho.

Sasa, mtu wa kawaida angefanya nini? Angecheka, angeifuta, angekunywa chai yake. Lakini mimi si mtu wa kawaida, mimi nina kitengo. Nikaahirisha bango la vifuniko, nikaandika majibu ya kurasa tatu yenye vichwa vidogo, jedwali na kiambatisho, nikawanukuu wanakemia watatu, na katika aya ya pili, ambayo Lisbet amenishauri nisiisome na mimi naisoma, nikaandika hivi, nanukuu: "Inasikitisha kuona mtu mzima, aliyepata kuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minne, akisambaza upuuzi ambao hata mtoto wa chekechea angeukanusha," mwisho wa kunukuu. Chini yake nikaweka sahihi, cheo changu cha ofisini, na cheo cha uenyekiti wa KUTA. Kisha nikabonyeza kitufe cha Jibu Wote.

Wote, ndugu zangu, walikuwa watu arobaini na mmoja, wakiwemo mchungaji, daktari wa meno wa shangazi, na yule mama anayenunua mayai ya kuku wake. (Kijiko kinaanguka.)

Matokeo yalionekana katika robo ya kwanza ya utekelezaji. Barua za uongo kutoka kwa mwenye sherehe zilishuka kutoka kumi na moja kwa mwezi hadi sifuri, ambalo ni punguzo la asilimia mia moja, kiwango ambacho hata kampeni yetu ya chupa za plastiki haijawahi kukigusa, na mimi nikachora grafu nikaibandika kwenye mlango wa ofisi ili wadau waione. Ambacho grafu haikuonyesha, kwa sababu za kitaalamu, ni kwamba zilikoma pia picha za kuku wake, zikakoma salamu zake za Jumamosi, na mwezi Oktoba haukuja ule ujumbe wake wa kila mwaka wa kutukumbusha kurudisha saa nyuma kwa saa moja, kama nchi nzima ifanyavyo majira ya baridi yakikaribia, ndiyo maana Jumapili ile ukoo mzima ulisimama mbele ya kanisa lililofungwa kwa saa nzima, kwenye mvua, tukimlaumu mchungaji. (Mchungaji Ingelise: "Nilikuwa bado nimelala." Vicheko.)

Mwezi Desemba mke wangu aliniuliza, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, "Ejvind, shangazi yako anaendeleaje?"

Nikamjibu, "Vizuri sana. Barua zake hazina kasoro tena."

"Hazina kasoro kwa sababu hazipo," akasema Lisbet. "Umempigia?"

Nikamweleza kwamba kupiga simu hakumo katika mpango kazi wa awamu hii. Akachukua mkate wake, akaenda kuulia sebuleni. (Lisbet: "Dakika zimebaki mbili.") Nakaribia hitimisho, mpenzi.

Ndugu washerehekea, kila mradi mkubwa hupitia changamoto. Februari iliyofuata ikaniangukia mezani barua kutoka kwa rafiki wa mfanyakazi mwenzangu, barua yenye nembo, yenye namba ya kumbukumbu na vipimo vya miligramu, ikisema kwamba tangi la samadi limepasuka na maji ya bomba katika mji wetu yasinywewe, yasipikiwe, na mtoto mchanga asioshwe nayo. Mimi ni mtu wa nembo. Mtu akinipa namba ya kumbukumbu nalainika kama siagi kando ya jiko. Sikumpigia mtu yeyote, wala sikusoma tarehe. Niliisambaza kwa ukoo, kwa kwaya, kwa klabu ya mpira wa mikono na kwa nyumba ya wazee, nikiandika juu kabisa HARAKA, kwa rangi nyekundu, na alama za mshangao nazo nikaziweka, siku hiyo sikuzihesabu.

Ndani ya saa moja utekelezaji ulikuwa umevuka malengo. Makreti ya maji yaliisha dukani. Holger hapa alibeba theluji kutoka uani kwa toroli, akaiyeyusha kwenye sufuria tano. (Holger: "Ilikuwa na manyoya ya mbwa!") Na katika nyumba ya wazee mpishi, kwa kukosa maji mengine, alipika uji wa shayiri kwa soda ya matunda, ukatoka wa waridi na wenye mapovu, na nimearifiwa kwamba wazee wawili waliomba kuongezewa.

Saa tano kasorobo simu ya mezani kwangu ikalia.

"Ejvind, mwanangu, goti lako linaendeleaje?"

Ilikuwa miezi mitano sijaisikia sauti hiyo. Nikasema, "Shangazi, sasa hivi siwezi kuzungumzia goti. Tuko kwenye dharura."

"Najua, ndiyo maana nimepiga. Nimeongea na Rigmor wa pale mitambo ya maji, nilimfundisha kuoka mkate akiwa darasa la saba. Anasema barua hiyo ni ya miaka saba iliyopita, tena ni ya mji mwingine, ng'ambo ya daraja. Maji yetu hayana neno. Mimi mwenyewe nakunywa kahawa hapa."

Niliitazama ile barua. Tarehe ilikuwepo, pembeni juu, mahali pale pale ninapowafundisha watumishi wapya waanzie kusoma.

"Umemwambia nani mwingine?" nikauliza.

"Nimekuambia wewe. Waandikie mwenyewe kabla mtu mwingine hajakuandikia. Wakilisikia kwako litaisha leo leo."

"Lakini ungeweza kubonyeza Jibu Wote, shangazi. Ungekuwa na kila haki."

"Nisikudanganye," akasema, "nimekaa nakiangalia hicho kitufe dakika nzima, na kidole kiko juu." (Vicheko virefu. Shangazi Valborg anaitikia kwa kichwa.) "Halafu nikakumbuka siku ile ya barua yako. Niliingia duka la mikate, yule mama wa mayai akanishika mkono akaniambia 'pole,' kama mtu aliyefiwa. Sikurudi pale mpaka Krismasi ilipopita. Nikasema hapana, Ejvind ana ofisi, ana watu anaowaongoza. Acha nimpigie."

Hapo ndipo nilipomuuliza jambo ambalo kamati makini ingeliuliza mwanzo kabisa, yaani kwa nini alinitumia ile habari ya birika.

"Kwa sababu unakunywa chai kutwa," akasema, "na tangu ukiwa mdogo humwagi maji ya zamani, unachemsha yale yale. Niliposoma nilishtuka, nikakuwaza wewe."

(Mzungumzaji anatafuta ukurasa unaofuata, anaupata, anaukunja, anaurudisha mfukoni.)

Nilifunga mlango wa ofisi, na kwa kuwa grafu ilikuwa upande wa nje, nikaufungua tena nikaibandua. Kisha nikawaandikia ninyi nyote barua ya sentensi mbili, barua fupi kuliko zote katika utumishi wangu: "Habari ya maji niliyowatumia si kweli, niliisambaza bila kuuliza. Kunyweni, na mnisamehe." Mlinijibu vizuri, nawashukuru, isipokuwa mmoja aliyeuliza theluji yake ataifanya nini.

Jumapili nikaenda kwa shangazi na keki ya dukani. Tulikaa jikoni kwake, nikaanza kumwomba radhi kwa utaratibu, nikiwa na dondoo kwenye kadi, akainyakua kadi akaitumia kufuta makombo. "Kula," akasema. Tangu siku hiyo akipata barua ya kutisha hunitumia mimi kwanza, ananiandikia "Hii vipi?", nami nampigia, namuuliza habari za kuku, mazungumzo yakishakolea ndipo namwambia nilichopata, na yeye mwenyewe anaamua awaambie nini wenzake. Hadi kufikia mwisho wa mwezi uliopita amenitumia barua tisa, nane zikiwa za uongo mtupu. Ya tisa ilisema daraja litafungwa siku ya Alhamisi; nikampigia, nikamcheka kidogo, nikapanda gari kwenda kikao cha kazi ng'ambo, nikalikuta limefungwa kweli. Hiyo ndiyo siku niliyochelewa kazini, kwa saa mbili na dakika kumi. (Ukumbi unapiga meza. Shangazi Valborg anafuta machozi kwa kitambaa cha karatasi.)

Kwa muktadha huo, na kwa kuzingatia ufinyu wa muda, naomba tuhitimishe kwa pamoja kwa kaulimbiu zetu. Nikisema "Simu kwanza," mjibu "Kitufe baadaye." Simu kwanza! (Ukumbi: "Kitufe baadaye!") Nikisema "Uliza tarehe," mjibu "Uliza na goti." Uliza tarehe! ("Uliza na goti!" Holger: "Na theluji!")

Mwisho kabisa, natoa shukrani kwa KUTA. Namshukuru Makamu Mwenyekiti, ambaye hajateuliwa. Naishukuru Sekretarieti, ambayo ni kiti kitupu karibu na mashine ya kahawa ofisini. Nawashukuru waandishi wa Mwongozo wa Kusahihisha Ndugu, kurasa arobaini na nane, ambao haujaandikwa hata ukurasa mmoja. Na nawashukuru wajumbe wote kwa kuhudhuria vikao ambavyo havijawahi kuitishwa, kwa sababu, ndugu zangu, kamati hiyo haijawahi kuwepo. Niliibuni asubuhi ile ya birika ili jina langu chini ya barua lisikae peke yake. Nilimsimanga mwalimu wa miaka thelathini na minne kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo.

Shangazi Valborg, nilikukosea mbele ya watu arobaini na mmoja, kwa hiyo nisingeweza kukuomba radhi jikoni tu. Leo wote wako hapa, nimewahesabu mlangoni, na daktari wako wa meno nimemwalika makusudi. (Mwanamume mwenye tai ya kijani anasimama nusu, anainama.) Mbele yao nasema: nisamehe. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa naomba tusimame tumpigie mwenye sherehe hurra tisa, zile shangwe zetu za kimila.

(Wote wanasimama. Baada ya hurra ya tisa Shangazi Valborg anamshika mzungumzaji mkono wa koti, anamvutia kwenye kiti kilicho kando yake, anampa kitambaa cha karatasi alichokuwa ametumia yeye. "Nimesikia, mwanangu," anasema. "Keti, ule.")