Sanduku la Kusafisha Maziwa

Injinia, cheo alichojipa mwenyewe bila kusumbua chuo chochote, alikuwa akizubaa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa aliposikia harufu ya pesa. Ilinukia kama maziwa yaliyochacha.

"Mama, haya nayo hayafai," mpimaji alimwambia mfugaji mmoja wa kando ya mji. "Yamejaa vijidudu. Ukileta tena ya namna hii kesho, tunakufuta."

"Ng'ombe wangu wazima kabisa!" mama alilalamika, machozi yakimlengalenga, huku akimwaga ndoo nzima mtaroni.

Injinia alimsindikiza hadi nyumbani, amejaa huruma. Akaikagua mashine ya kukamulia na kuona ugonjwa papo hapo: mipira inayoshika chuchu ilikuwa imepasuka, na ndani ya nyufa yameganda maziwa ya jana na juzi. Mtu mwaminifu angesema hivyo. Injinia akatoa sanduku lenye taa ya kijani.

"Mama yangu, hili linapiga miale. Kijidudu kikiiona, kwisha habari yake! Jaribu siku tatu, ndipo unilipe."

Bahati mbaya, ndani ya sanduku mlikuwa na betri, waya na hewa. Ili maziwa yapite, ilimbidi Injinia afanye jambo la kumdhalilisha: kazi. Alinunua mipira mipya kwa pesa yake, akaifunga mama alipotoka kukata majani. Kila baada ya kukamua alijifungia "kupima miale", kumbe anasugua mabomba kwa maji moto na sabuni, viganja vimechubuka.

Maziwa yakapita siku ya kwanza. Ya pili pia. Siku ya tatu mpimaji akauliza kama mama amenunua ng'ombe wengine.

"Haya mama, tumalizane," Injinia alisema, mkono umeshanyooshwa.

"Chukua sanduku lako, mwanangu. Betri yake iko kwenye redio yangu tangu siku ya kwanza. Hukuona hata kama taa haiwaki, ulivyoinamia hayo mabomba! Nilikuwa nakuchungulia dirishani."

"Na mipira yangu?"

"Nani alikutuma? Hata hivyo, ahsante." Mama akamkaribisha glasi ya maziwa. "Jirani yangu naye anamwaga kila siku. Anatafuta mtu wa kusugua mashine, kwa mshahara. Nimemwambia nimeshampata."

Injinia alikumbatia sanduku lake, akatoka mbio. Maishani alishatishiwa kwa polisi, mbwa na wakwe. Kwa kazi halali, ilikuwa mara ya kwanza.