Bamba Moja, Skrubu Nane

Jumatatu, 3 Juni

Loo! Sikuamini macho yangu. Kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya zamu za pampu na tangazo la mwavuli uliopotea: mashindano ya kwaya za idara, Jumamosi tarehe 29, kwaya yetu itaongozwa na Kipepeo. Kipepeo! Yule karani wa bili ambaye akiongoza, mikono inapeperuka mpaka watu wa mstari wa mbele wanafumba macho. Miaka kumi na mmoja nimeongoza mimi, mtunza stoo, na idara ya maji haijawahi kushika mkia.

Nimeuliza sababu. Naambiwa Kipepeo amemweleza bosi kwamba tangu nitiwe vyuma naongoza kama mtu anayepasua kuni. Uzushi! Sawa, kifundo cha mkono wa kulia hakikunjiki. Kilisagika nilipoanguka kutoka kwenye ngazi ya stoo (nilikuwa naficha madaftari ya nyimbo, Kipepeo asiyaone), na hospitali wakakigandisha kwa bamba la chuma na skrubu nane. Mwaka na nusu sasa.

Wakati wa chai nikapata wazo. Nimeshtuka sikulipata mapema. Mkono unazuiwa na nini usikunjike? Bamba. Bamba likitoka je? Haihitaji shule!

Jumatano, 5 Juni

Kliniki ya mifupa. Daktari kasema mfupa umeunga vizuri, bamba halina ubaya, na yeye hatoi chuma bila sababu. Hilo nilijiandaa nalo. Nikamwambia maumivu yananitoa machozi. Akabonyeza. Nikapiga ukelele, muuguzi akaangusha trei. Daktari akasema kwa upole kwamba huo aliobonyeza ni mkono wa kushoto.

Nimeumbuka! Mke wangu, aliyenisindikiza, akawa anatazama dari. Hata hivyo daktari ameagiza eksirei. Nadhani alitaka tu niondoke.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu. Nilichodanganya ni kweli! Picha inaonyesha skrubu moja imelegea, kichwa kimechomoza, kinasugua kano la kidole. Daktari anasema lingeweza kukatika siku yoyote na kidole kisingeinuka tena. Nilikaa kitini bila kukaribishwa. Mtu unatunga uongo wako kwa taabu, kumbe mwili ulishautunga kabla yako!

Upasuaji ni Jumanne. Daktari alieleza mengi: vyuma vitatoka, ila mifupa imeshakuwa kitu kimoja, mkono utabaki ulivyo, nisitegemee kukunja. Mke wangu aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mimi nilikuwa nachagua wimbo wa kufungulia. Madaktari lazima wakutishe, ndiyo kazi yao. Nimesaini karatasi tatu bila kuzisoma.

Jumanne, 11 Juni

Vimetoka! Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi vilikuwa ndani ya kichupa kando ya kitanda. Nilishangaa bamba lilivyo dogo, urefu wa kijiko cha chai. Kitu hicho ndicho kilichoniaibisha mbele ya idara nzima! Nikamwagiza mke wangu akimwona Kipepeo amwambie aanze kujizoeza kuimba mstari wa nyuma. Akasema hatamwambia mtu kitu.

Mkono umewekewa ganda gumu la plastiki. Nimekatazwa kulivua.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelivua. Bafuni, komeo limefungwa, bomba limefunguliwa nisisikike. Nikauamuru mkono ukunjike. Wapi! Nikahesabu hadi nne kama tunavyoanza wimbo. Wapi! Nikausukuma kwa mkono wa kushoto. Haukutikisika, umenyooka vilevile. Mke wangu akabisha hodi, nikamjibu naoga. Akauliza naoga na nani, maana anasikia mtu akibembelezwa.

Wamesahau skrubu ndani. Hakuna maelezo mengine.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemkabili daktari. Nikamwaga skrubu mezani, tukazihesabu pamoja. Nane. Akaniwekea picha mpya. Pale palipokuwa na vifupa vingi vidogo sasa pana pande moja, hakuna mwanya hata wa kupitisha uzi. Anasema chuma kilishikilia tu mifupa mpaka iungane, na baada ya hapo hakikuwa na kazi. Akaongeza kwamba haya alinieleza tarehe sita, mara mbili. Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akasema mara tatu.

Na bado! Mfupa sasa una matundu nane. Nikipunga mkono kabla ya wiki sita tangu upasuaji, unaweza kuvunjika. Leo nimeumia moyo kwelikweli. Niliamini nitaongoza tena kama zamani.

Jumatano, 19 Juni

Heri nisingefungua mlango. Alikuja dereva wa boza la maji, mkubwa wa sauti ya besi, ambaye kazini wote tunamwita Mjomba. Anasema besi wamegoma. Mikono ya Kipepeo inawachanganya, hawajui waingie lini. Wamemwendea bosi, wakamwambia wanautaka mkono wangu mimi, mwalimu wao wa kwaya, ule mkavu, kwa sababu ukishuka umeshuka. Bosi amekubali. Nafasi ni yangu!

Walikuwa wanaupenda! Na vyuma vyake! Mjomba akauliza narudi lini mazoezini. Mke wangu akamjibu kwa niaba yangu: mwishoni mwa Julai.

Jumamosi, 29 Juni

Sijui niandike vipi. Kipepeo ameongoza yeye. Mimi nilikaa safu ya tatu ukumbini, mtazamaji mtulivu. Mkono wa kulia sikuupunga, naapa. Niliongoza kwa kidevu.

Besi wakanifuata mimi. Wengine wakamfuata Kipepeo. Kufika ubeti wa pili tulikuwa na nyimbo mbili. Besi walimaliza kwanza, wakainamisha vichwa kwa heshima, sauti ya kwanza bado iko kwenye kiitikio. Jaji mmoja alivua miwani. Idara ya maji, ya mwisho!

Nimemkuta Kipepeo kwenye ngazi za nje analia. Akaniuliza miaka yote ile niliwezaje kuwavuta besi, maana ni wazito kama mabomba ya inchi kumi na mbili. Nikampa leso yangu. Nimejishangaa, sikuwa nimepanga.

Jumanne, 23 Julai

Ganda limevuliwa leo. Daktari amefurahi: matundu yanajaa, kano liko salama, vidole vyote vinacheza. Bosi ameshaniandikia kwamba mashindano yajayo naongoza mimi, kwa mkono wangu uleule. Kipepeo atakuwa msaidizi, na anasema amekubali kwa moyo mweupe.

Daktari akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia lipo. Kwa kuwa mfupa haukunjiki, aukate palepale, augandishe upya ukiwa umepinda kwa juu kidogo, kama mtu anayetaka kuanzisha wimbo. Atie bamba jipya, na safari hii skrubu kumi, kwa usalama. Nikamchorea.

Aliufunika mchoro kwa faili, akamwita mke wangu ndani na kuniomba nisubiri kwenye benchi. Wamekaa robo saa. Kupitia kioo cha mlango nilimwona mke wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili, furaha imemzidi.

Naamini wanapanga tarehe.