Kuhusu Sokwe Dume Anayenigombanisha na Mke Wangu

Ndugu Mhifadhi Mkuu wa Hifadhi ya Msitu,

Nakusalimu kwa furaha ya mtu aliyeoa siku ishirini na sita zilizopita na ambaye bado anazihesabu. Mimi ni seremala. Mke wangu ni fundi cherehani, na kama ungemwona anavyokata kitambaa bila kupiga chaki, ungeelewa kwa nini siko tayari kumkosa hata kwa jioni moja.

Tulikuja hifadhini kwako kumalizia fungate yetu. Na msitu sina ugomvi. Miti yako niliitazama kwa heshima, ingawa kwa macho ya kazi niliona vitanda vingi sana. Mbega waliruka juu yetu, vipepeo wakatua begani kwa mke wangu, nami sikuwalaumu. Malalamiko yangu yanamhusu sokwe mmoja tu, yule dume mwenye sikio lililochanika, ambaye waongozaji wako wanamwita Bwana Taratibu.

1. Tulipewa saa moja ya kuwatazama sokwe, tukiwa tumevaa barakoa, kwa mbali, bila kusema neno. Katika saa hiyo, dume huyo alimkalisha mkewe mbele yake akamchambua manyoya kwa dakika arobaini. Unywele mmoja mmoja. Hakupiga miayo wala hakuangalia pembeni. Nilimgeukia mke wangu, na kwa kuwa barakoa ilimwachia macho tu, macho yakasema yote.

2. Mwongozaji wako, badala ya kunyamaza kama alivyotuamuru sisi, alimnong'oneza mke wangu kwamba dume huyo hufanya hivyo kila siku, hata siku walizogombana, na hasa siku hizo. Taarifa hiyo hakuna aliyeiomba.

3. Jioni ya siku yetu ya kwanza ya kurudi kazini, mke wangu aliketi mkekani mbele ya kiti changu, akavua kilemba, akasubiri. Ndugu Mhifadhi, nampenda mke wangu kiasi kwamba nachonga jina lake chini ya kila kabati ninalouza, mahali ambapo mteja haoni. Lakini siku hiyo nilikuwa nimepiga randa tangu asubuhi. Nilianza vizuri. Dakika ya tatu nikasinzia, kidevu changu kikatua katikati ya utosi wake. Tangu hapo, yaani siku tano sasa, nikimwambia chochote ananijibu "haya" tu. Nimemwambia yeye ni mzuri kuliko mwezi mpevu: haya. Nimemwambia paa linavuja: haya, kwa sauti ileile. Nyumba yetu ya vyumba viwili haijawahi kuwa kubwa hivi.

4. Kabla ya kuninunia, alikuwa amekwisha kuwasimulia mafundi wenzake tisa. Sasa waume tisa huja karakanani kwangu kila jioni, wanakaa juu ya mbao zangu, hawataki kurudi makwao. Mmoja wao, dereva wa lori, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia mbele ya wateja: "Kijana, sisi tulikuwa tunaishi vizuri na wake zetu. Wewe ndiye uliyetuletea sokwe nyumbani." Hata mama mkwe ameanza kumtazama baba mkwe kwa namna fulani.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, kwamba wageni wa fungate waonyeshwe mbega pekee, ambao wanakula majani tu na hawamharibii mtu ndoa. Ikishindikana, Bwana Taratibu aelekezwe kupunguza hadi dakika kumi siku tunapokuja watu kama sisi. Zilizobaki atamalizia tukishaondoka. Na ikishindikana hiyo pia, nakuomba kwa magoti nipewe barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba sokwe huyo hana kazi, hajawahi kuamshwa na kengele, hatembelewi na wakwe kila Jumamosi, na kwamba usiku ukiingia hulala kwenye kiota chake peke yake, mkewe akiwa mti mwingine. Hilo la mwisho liandikwe kwa wino mzito.

Nisalimie waongozaji wote, wapishi wa kambini, mbega, na mke wa Bwana Taratibu, ambaye yeye hana kosa.

Wako katika mapenzi na malalamiko,

Seremala, mume wa fundi cherehani

Baada ya sahihi: Nilikwenda kutafuta bahasha, na niliporudi nilimkuta mke wangu amesimama na barua hii mkononi. Aliisoma mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaketi mkekani akasema, "Haya, mume wangu. Endelea ulipoishia." Nimeendelea. Muda wote alikuwa akizungumza: mteja aliyerudisha gauni mara tatu, duka lake mwenyewe analotamani kulifungua, na jinsi alivyoogopa siku ya harusi kwamba ameolewa na mtu asiyesikiliza. Siku ishirini na sita, nami nilikuwa sijayasikia hayo. Kutazama saa, saa nzima na nusu imekwisha kupita. Kwa hiyo barua ya mhuri usiitume, na Bwana Taratibu asipunguziwe hata dakika. Nina swali moja tu, na tafadhali nijibu haraka: akifika nyuma ya masikio, hutumia kucha au midomo? Mimi sikuona vizuri. Mke wangu anaapa kwamba ni midomo.