Halwa ya Mtoano

Jumapili, 30 Novemba 2025

Tumemaliza ligi ya vyuo nafasi ya pili. Ya pili! Chuo ambacho mtu haingii bila asilimia tisini na tano. Mimi, Msellem, karani wa ofisi ya wanafunzi na meneja wa timu, nimelia kidogo ndani ya gari, kisha nikafuta miwani.

Timu nne za juu zinaingia mtoano, Jumamosi. Sisi hatuingii. Ni kanuni tangu chuo kuanzishwa: ligi ikiisha, vitabu. Naibu Mkuu hupenda kusema sisi si chuo cha mpira, na husema hivyo kama mtu anayetaja ukoo wake. Nafasi yetu hupewa timu ya tano. Kocha wa timu ya tano ni binamu yangu Loay. Tumeshawaachia mara mbili, na mara zote mbili wamebeba kombe. Makombe yote yako sebuleni kwa bibi yetu, mtaa wa Darsait hapa Muscat. Cheti changu cha utumishi bora kimehamishiwa jikoni.

Loay amenipigia simu kunishukuru mapema. Nimemwambia mwaka huu tunacheza. Sijui kwa nini nimesema. Sasa lazima tucheze. Baraza la chuo linakutana Alhamisi.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemwandikia Mkuu wa Chuo waraka kuthibitisha kuwa mpira hauharibu masomo. Lamya wa masijala alinitolea wastani wa alama za wachezaji. Ulikuwa chini ya wastani wa chuo. Nikachunguza. Tatizo ni mtu mmoja, Aws, kipa wetu, aliyeanguka somo la umeme mara tatu. Nikamtoa Aws. Wastani ukapanda vizuri sana. Kwa uaminifu nikaandika chini: hesabu hii haina kipa.

Jibu limekuja saa saba mchana. Mkuu anauliza kama timu nayo itacheza bila kipa.

Jumanne, 2 Desemba

Dk. Balqees, Mkuu wetu, haambiliki kwa karatasi. Ana miaka arubaini na mbili, hajaolewa, watu husema kaolewa na chuo. Lakini Waswahili wote wa Muscat wanajua yuko mtu mmoja anayemsikiliza: mama yake, Bi Bakhita, mzaliwa wa Unguja, anayekaa mtaa wa Azaiba. Mkubwa akikushinda, mwendee mama yake. Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kwenda mikono mitupu si adabu, kwa hiyo nilinunua bakuli kubwa la halwa ya zafarani. Kwenda peke yangu kwa mama mtu mzima pia si adabu, kwa hiyo nilimchukua Shangazi. Kanzu mpya ya dishidasha, kilemba cha Idi, udi. Shangazi aliuliza tunaendea nini. Nikamwambia ni jambo la kheri la Dk. Balqees. Akanitazama sana, akarudi ndani kubadilisha buibui.

Bi Bakhita alitupokea vizuri mno. Nikasema maneno niliyoyapanga. Kwamba muda unapita. Kwamba miaka kumi na moja nimekaa kimya nikingoja ruhusa ya binti yake. Kwamba wengine wasio na sifa wanachukua kilicho chetu huku sisi tunatazama. Bi Bakhita akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu, nnakusikia," akasema. "Jambo hili nnaliomba kila sala." Sikujua kama anapenda mpira kiasi hicho. Akauliza mimi ni mtoto wa nani, nasali msikiti gani, na kama meno ni yangu mwenyewe. Dada zake wakaitwa wanione. Shangazi alikuwa analia.

Niliwaahidi kuwa Jumamosi sitawaaibisha. Hapo wakashtuka kidogo. Bi Bakhita akasema mbona mapema hivyo, lakini basi, kheri haicheleweshwi. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, 3 Desemba

Dk. Balqees kaniita ofisini. Aliacha mlango wazi. Alisema mama yake kampigia simu, kwamba yeye ananiheshimu sana, na kwa heshima hiyo ameona aniambie hapana uso kwa uso.

Nikamwambia Mama ameshakubali na vijana wanasubiri.

Akauliza vijana gani.

Nikamwambia ishirini na wawili. Nikaongeza kuwa yeye akikataa, binamu yangu Loay yuko tayari, na ameshaichukua nafasi hii mara mbili.

Alikunywa maji. Akaomba nianze upya, tangu kwenye halwa. Nikaanza. Nilipofika kwenye meno, aliinamisha kichwa mezani. Kisha akanieleza, polepole, posa ni nini na hupelekwa vipi. Nikaketi, ingawa nilikuwa nimeketi tayari. Sijawahi kuona aibu kama ile. Alisema mama yake atamweleza mwenyewe. Halwa haitarudi. Nyumba saba za Azaiba zimeshaila kwa furaha.

Nilipofika mlangoni akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba waraka wangu ameusoma wote, pamoja na kipa, na ataunga mkono tucheze. Baraza lina watu tisa na amehesabu watano upande wetu. Aliniomba kitu kimoja tu: kesho nisiseme neno.

Alhamisi, 4 Desemba

Naibu Mkuu alianza. Alisema chuo bora hulindwa kwa kukataa. Leo ni mechi mbili tu, kesho mitihani inasogezwa kwa ajili ya mechi, keshokutwa mtu anaingia chuoni kwa miguu badala ya kichwa. Lazima nikiri alisema vizuri.

Kisha akasimama Ghanim, nahodha wetu, mwaka wa mwisho wa uhandisi, kijana asiyepata chini ya tisini kwa chochote. Alisema hawaombi alama wala hawaombi siku. Mitihani inaanza Jumapili na wao watakuwa darasani. "Mara mbili tumetolewa kwa barua," akasema. "Safari hii tunaomba, tukitolewa, tutolewe uwanjani." Profesa mmoja mkali sana alivua miwani.

Mkuu akasema tupige kura. Mikono mitano ilikuwa inainuka. Niliihesabu kwa macho yangu.

Nikaona niwasaidie. Nikasimama nikasema wasiwe na wasiwasi wowote, nimeshazungumza na masijala, na mtihani wa Jumapili unaweza kusogezwa.

Mkono mmoja ukashuka. Naibu Mkuu akafunga faili lake. Wanne kwa watano.

Ghanim alitoka bila kunitazama. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Lamya alinifuata ukumbini akauliza ni lini nilizungumza naye habari ya mtihani. Nikasema nilikusudia. Akasema mdomo huponza kichwa, na wangu umeponza vichwa ishirini na viwili.

Jumamosi, 6 Desemba

Loay kacheza kwa nafasi yetu. Kashinda fainali moja bila, kwa penalti. Nilikwenda kutazama, kwa sababu kukaa nyumbani kulinishinda.

Ghanim alikuwepo jukwaani na kitabu mapajani. Nilimfuata nikamwomba radhi. Akasema amesamehe. Yeye anamaliza mwezi wa sita na hatachezea tena chuo, basi yamekwisha. Ila ana ombi moja kwa niaba ya wanaobaki: mwakani, siku ya baraza, nibaki nyumbani. Nikamwahidi. Nikampa mkono.

Nimerudi na kulifikiria suala lote kwa utulivu. Kosa langu nimeliona. Nilisema sentensi moja tu, na sentensi moja haimwelewishi mtu. Nimeanza kuandika hotuba ya mwakani. Niko ukurasa wa nne na bado sijafika kwenye mitihani.