Ukoo wa Doriane Waenda Uwanjani

Jumatano, 11 Juni
Kocha amesema Jumamosi, kule Mbarara, binti yangu Doriane atacheza na Bénédicte, binti wa jirani yangu Baudouin. Mshindi anapata nafasi ya bure katika shule ya huko huko yenye kiwanja cha tenisi. Nafasi moja tu! Na Doriane anachezea raketi ya kuazima. Redio imesema wachezaji wakubwa hufika mbali kwa sababu ya familia. Basi kazi ni yangu. Lakini sisi tuko watatu tu. Aibu!

Alhamisi, 12 Juni
Nimekusanya ukoo. Shangazi wanne kutoka kijiji cha Misiera, ambao hadi jana hawakuwa shangazi wa mtu. Na Astère, msemaji wa kila posa hapa kambini Nakivale. Familia mbili zikutane bila msemaji? Sisi si mbuzi! Mke wangu Léoncie akauliza kama mtoto mwenyewe ameulizwa. Baudouin naye ati mzazi abebe maji na afunge mdomo. Ana wivu mwingi, yule.

Jumamosi, 14 Juni
Yezu wangu! Doriane alipoteza seti ya kwanza. Katikati ya seti ya pili nikamkonyeza Astère. Akasimama, akavua kofia, akausalimia ukoo wa Baudouin kwa dakika saba, Doriane ameshika mpira mkononi. Mwamuzi, mama mmoja kwenye kiti kirefu, akamwomba akae. Astère hajawahi kukatizwa. Akapotea kabisa, na kwa mazoea akamalizia kwa kumposa yule mama! Shangazi wakapiga vigelegele. Mama akatuonyesha pete yake ya ndoa, kisha akatuonyesha geti. Akabaki Léoncie peke yake na chupa ya maji.

Jumapili, 15 Juni
Jana sikumaliza kuandika. Doriane ameshinda! Seti zote mbili zilizobaki, sisi tukiwa nje ya ukuta. Ati tulipotoka ndipo alipoanza kuusikia mpira. Baudouin alicheka hadi akakohoa. Acheke tu. Nguvu ya familia inapita hata ukuta.

Jumatatu, 16 Juni
Doriane amenishika mikono miwili. Akaniomba, kama nampenda, nisije tena kwenye mechi zake. Machozi yalinitoka. Mtoto ana huruma, anaogopa safari itanichosha. Basi sitasafiri. Nimeshapata chumba cha kupanga Mbarara. Dirisha linatazama kiwanja cha shule.