Watu Wanne, Gari Moja

Jumatatu, 8 Juni

Ko! Nyundo juu ya kigingi. Sauti hiyo imenifuata hadi nyumbani, nimeila pamoja na wali. Mpima ardhi alikuwa pembeni mwa shamba la mpunga lililopakana na kiwanda chetu cha keki za samaki. Vyura wote walinyamaza kwa mpigo mmoja. Bosi Awano anataka kulinunua alimwagie lami. Eti maegesho hayatoshi. Hayatoshi! Watu hamsini, magari hamsini, kila mmoja anapakia hewa. Nilimwambia nitayapunguza. Akacheka: haya, binti, nionyeshe kufikia Ijumaa.

Nitamwonyesha!

Jumanne, 9 Juni

Nimepata abiria watatu wanaoishi upande wangu: Mama Sunada wa upakiaji, Bwana Yatsuo wa mitambo, Chinatsu wa ofisini. Nikasema nitawapitia nyumbani. Wakashtuka kana kwamba nimewaomba figo. Mama Sunada: "Uje mpaka kwangu? Mwanangu, usijisumbue hivyo!" Yatsuo akadai kichochoro chake kitanikwaruzia gari. Wameamua tukutane kwenye uwanja wa duka kubwa. Watu waungwana sana.

Jumatano, 10 Juni

Ushindi! Gari moja langoni, watu wanne ndani. Bosi alitoa kichwa dirishani. Vyura walipiga kelele, nadhani kwa ajili yangu.

Jambo dogo: dukani kila mtu alifika na gari lake. Mvua, walisema. Sikulitilia maanani.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua imekatika. Magari yale yale matatu, yamejipanga uwanjani.

Halafu shukrani. Jana Yatsuo aliendesha hadi mji wa pili kunitafutia tikiti tamu. Chinatsu akafuata keki za maharagwe. Mama Sunada, kuona wenzake wamemzidi, akaenda mbali zaidi kutafuta chai. Kupokea bila kurudisha? Mama yangu angenikana. Jioni nimezunguka nyumba tatu na taulo za zawadi. Garini. Peke yangu. Sitaki kulifikiria.

Ijumaa, 12 Juni

Meneja wa duka amempigia simu bosi. Wateja wake wanazunguka uwanjani, nafasi za mbele ya mlango zimeshikwa na magari yetu.

Bosi hakukasirika, na hilo ndilo linaloudhi. "Isurugi, binti yangu, magari hujayapunguza. Umeyahamisha. Tena umeyaongezea safari za tikiti!" Yatsuo, msaliti, alicheka mpaka akashika meza. Mpima ardhi arudi Jumatatu, akasema bosi. Nikadai wiki moja zaidi. Kwa sababu gani? Vyura, nikasema, na sikuinamisha macho. Kisha akanipa hiyo wiki, nadhani kwa kuchoka tu.

Jumamosi, 13 Juni

Nimewaza hadi kichwa kikauma. Mpango hauna kosa hata kidogo! Kosa ni dereva. Maadamu mwenye gari ni mimi, wao ni wadeni wangu, na mdeni haketi akatulia. Basi nigeuke abiria.

Gari nimeliuza leo asubuhi. Limeshaondoka.

Kisha nikawaarifu, mmoja mmoja. Chinatsu: "Dada, nakuja mpaka mlangoni, usiseme neno!" Mama Sunada akauliza nitembeeje kwa miguu naye yu hai. Yatsuo hakusubiri hata nimalize. Wote watatu, Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, mbele ya nyumba yangu.

Nimewakubalia wote. Kumkataa hata mmoja kungekuwa utovu wa adabu.